Kisanduku Kimoja kwa Watu Wote

Karatasi za mfuko wa uzeeni ziligawiwa Alhamisi, kwenye banda la kufungashia chumvi la kiwanda cha Bagamoyo, na kabla chai ya saa nne haijapoa wafanyakazi walikuwa wameshakata shauri kwamba pesa zimeliwa. Kilichobaki ni kumtaja mlaji.

"Kijumbe!" Hamidu aliita kutoka kwenye mashine ya kushonea magunia. Kijana wa miaka ishirini na minne, mikono ina nguvu na mdomo una nguvu zaidi. "Hapa wameandika nimeweka laki tisa na nusu. Pembeni wameandika thamani ya leo, laki nane. Hiyo laki na nusu kala nani?"

Aliyeitwa alikuwa Asteria, msimamizi wa mizani, mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye kiwandani hapo jina lake la ubatizo lilikuwa karibu kusahaulika. Kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyekuwa kijumbe wa upatu wao. Kila mwisho wa mwezi alikusanya elfu hamsini hamsini kwa watu, na fungu lote akamkabidhi mwenye zamu. Miaka kumi na mmoja, na hata shilingi mia haijapungua. Mwanachama akitoroka, Asteria alifidia mfukoni mwake kimya kimya, maana ndiyo sheria ya upatu tangu enzi za bibi zetu: fungu likipungua, kijumbe analipa. Kwenye upatu pesa haina njia ya kupungua yenyewe. Ikipungua, kuna mtu kaila.

Sasa mtu aliyelelewa na upatu umwambie kwamba soko la hisa limeshuka! Utakesha.

"Hakuna aliyekula," Asteria alisema. "Bei ya hisa imeshuka."

"Imeshukia wapi? Mfukoni mwa nani?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. Macho ya Asteria yalikuwa kwa Mzee Bwanausi, msimamizi wa mabwawa ya chumvi, aliyekuwa amekaa juu ya gunia akiitazama karatasi yake. Mzee huyo alikuwa anastaafu baada ya miezi mitatu. Kwake iliandikwa kwamba ameweka milioni tisa na laki nne, na thamani ya leo ni milioni saba na laki tisa.

Kosa lilikuwa la Asteria. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe alishalijua pale pale, kabla hata Hamidu hajafunga mdomo.

Miezi minane nyuma kampuni ilikuwa imeleta utaratibu mpya. Zamani akiba hiyo, ambayo ni ya hiari, pembeni ya ule mfuko wa lazima wa serikali, ilikuwa inalala benki tu. Sasa kila mtu achague mwenyewe pesa zake zikafanye kazi wapi. Fomu ilikuwa na visanduku vinne vya kutia alama: amana ya benki, hatifungani, hisa, na cha nne kiliandikwa sukuk. Dada mmoja kutoka Dar es Salaam aitwaye Tina, afisa wa mfuko, alieleza nusu saa nzima huku watu wakiwaza mpira. Alipomaliza, wote ishirini na sita wakasaini fomu tupu, wakamkabidhi Asteria. "Jaza wewe, kijumbe," walimwambia. "Sisi tuweke pamoja."

Pamoja! Ndilo neno lililomponza. Kwenye upatu wote wanatoa sawa na wote wanapokea sawa, na hiyo ndiyo haki yenyewe. Asteria alikaa mezani nyumbani kwake, Nianjema, na fomu zile, akatafuta kisanduku kimoja kitakachowafaa wote. Wenzake wengi ni Waislamu, na yeye, binti wa familia ya misheni, hakutaka kuwatumbukiza kwenye riba. Kwa hiyo benki akaifuta, na hatifungani, ambayo ni mkopo wa riba, akaifuta. Hilo neno sukuk hakulijua, na aliona haya kuuliza. Kijumbe mzima aulize! Zikabaki hisa. Hisa hazina riba, alishasikia hivyo. Akatia alama ya vema mara ishirini na sita: kwa Hamidu, mwenye miaka thelathini na sita ya kazi mbele yake, na kwa Mzee Bwanausi, aliyekuwa amebakiza mwaka usiotimia. Usiku huo alilala usingizi mzuri, akijiona amefanya uungwana.

Aliomba ruhusa, na Ijumaa akaenda Dar es Salaam. Saa tatu asubuhi alikuwa ameketi mbele ya meza ya Tina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza yale ambayo siku ile sikuuliza. Sitoki hapa mpaka nielewe."

Na kweli hakutoka. Aliuliza mpaka Tina akaagiza chai, akauliza tena chai ikiwa mdomoni. Hisa ni nini hasa? Ni kumiliki kipande kidogo cha kampuni, Tina akasema. Kampuni ikistawi nawe unastawi, ikiyumba nawe unayumba. Mbona zimeshuka? Bei hupanda na kushuka, na hakuna ajuaye siku wala saa. Sasa nani azinunue?

"Anayeweza kungoja," Tina alisema. "Huyo kijana wenu wa miaka ishirini na minne, kushuka huku hakumuumizi leo. Makato yake ya mwezi huu yananunua vipande vingi zaidi kwa pesa ile ile. Ana miaka mingi ya kungoja bei zipande tena, ingawa hakuna wa kumwapia. Lakini anayechukua pesa zake baada ya miezi mitatu angoje nini? Huyo alitakiwa awe ameshatoka kwenye hisa zamani, polepole, kadiri miaka inavyopungua. Na hata kijana hashauriwi aweke zote mahali pamoja."

"Na mtu mzima asiyetaka riba?"

"Sukuk, mama. Ni kama mmechanga mkanunua jengo, mkawa mnagawana kodi ya pango. Haipai sana, lakini haiyumbi sana."

"Kwa hiyo kilikuwepo."

"Kilikuwepo. Ukurasa ule ule."

Asteria alikuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa ni yeye mwenyewe, jambo ambalo ni tabu kuliko zote. Akanywa chai yote iliyobaki ndipo akauliza la mwisho: "Wenzangu wanataka wajitoe wote. Wakijitoa?"

"Wataondoka na thamani ya leo. Hasara ambayo sasa iko kwenye karatasi itakuwa hasara ya mfukoni. Na kampuni itaacha kuwaongezea. Shilingi yako, shilingi ya kampuni juu yake! Niambie ni biashara gani huko Bagamoyo inayokupa hivyo."

Jumapili, baada ya misa, alikwenda Kaole nyumbani kwa Mzee Bwanausi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyumba viwili vipya ambavyo kuta zake zilikuwa zimesimama bila bati wala milango. Mzee alikuwa na hesabu yake tangu siku nyingi: akistaafu aezeke, awapangishe wanafunzi wa chuo cha uvuvi pale Mbegani, na yeye na mkewe Habiba wale kodi mpaka Mungu atakapowachukua.

Asteria hakuzunguka. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mzee, pesa hazikuliwa. Ila mimi ndiye niliyeziweka mahali pasipokufaa. Nilitaka tufanane wote." Akaeleza yote, hata ile aibu ya kutouliza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Milioni moja na nusu," alisema. "Ndilo paa lenyewe hilo." Akazitazama kuta zisizo na bati. "Mwanangu wa Chalinze aliniambia, baba, soma kabla hujasaini. Nikamwambia mimi nina kijumbe."

Habiba alileta chai ya tangawizi. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma Asteria kuliko tusi lolote. Angetukanwa angalau angepata cha kujibu.

Njiani kurudi alikata shauri. Mwisho wa mwezi huo zamu ya upatu ilikuwa yake. Alikuwa ameingoja miaka miwili na zaidi, achimbe kisima na kununua tangi la maji, bustani yake ya mchicha isimtegemee tena jirani mwenye bomba na kisirani. Wenzake ishirini na watano, elfu hamsini hamsini: milioni moja na laki mbili na nusu. Iliyopungua, laki mbili na nusu nyingine, angeuza kuku wote na kuchomoa akiba ya kabatini. Alilia kidogo alipofika hapo kwenye hesabu, akajifuta, akaendelea kutembea. Kulia hakubadilishi jumla.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mkutano ulifanyika kwenye banda baada ya kazi. Tina alikuwa amekuja na fomu mpya. Mwenye kiwanda, Bi Zeyana, alikuwa ametoa ruhusa kila mtu achague upya. Hamidu alikuwa ameandaa karatasi ya majina ya wanaojitoa, na tayari kumi na tisa walikuwa wameshaandika.

Asteria alisimama, akaweka bahasha mbele ya Mzee Bwanausi.

"Milioni moja na nusu," alisema. "Hesabu, mzee, mbele ya watu."

Mzee alizihesabu zote, taratibu, akilowesha kidole. Wako waliotegemea kwamba ataisukuma bahasha nyuma, aseme yameisha, wapigiwe makofi wote wawili. Mzee alifunga bahasha, akaitia ndani ya shati.

"Ningeweza kujidai kukataa," alisema. "Nami nilisaini karatasi tupu, kosa ni letu wawili. Lakini nina paa la kuezeka, na nguvu za kuanza upya sina. Nimepokea."

"Ahsante kwa kupokea," Asteria akasema, na alimaanisha.

"Na sisi je?" Hamidu alikuwa amesimama. "Kijumbe akilipa mmoja alipe wote. Ndiyo sheria. Au mimi pesa yangu si pesa?"

Sauti za kumuunga mkono zikapanda kila upande. Asteria aliwaacha mpaka wakachoka.

"Wewe sikulipi, Hamidu."

"Mnasikia!"

"Sikulipi hata senti. Mzee nimemlipa kwa sababu nilimnyang'anya kitu asichoweza kukipata tena, muda. Wewe muda unao mpaka unaupoteza kijiweni. Vipande vyako havijaenda popote, viko vile vile ulivyonunua, bei ndiyo imeshuka. Ukiviuza leo, hiyo laki na nusu utakuwa umeila wewe mwenyewe."

Wengine wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Hamidu hakucheka.

"Miaka kumi na mmoja nimewafundisha kwamba haki ni kufanana," Asteria aliendelea. "Kwenye upatu ni kweli. Huku si kweli. Huku mwenye miaka sitini na mwenye ishirini na minne ukiwapa kitu kimoja, mmoja wao umemdhulumu. Mimi nilidhulumu. Sirudii, na nyinyi hamtamrudisha mtu yeyote kwenye kosa hilo. Anayetaka kujitoa ajitoe, simshiki. Ila kampuni haitamwongezea tena, na asije kuniuliza nani kala."

Akachukua rundo la fomu kwa Tina, akaligawa mwenyewe, moja moja, mkononi mwa kila mtu. Mzee Bwanausi alichukua yake, akamwomba Tina amsomee kisanduku cha nne, kile cha sukuk. Wawili walijitoa pale pale, watu wazima wenye akili zao, na hakuna aliyewazuia. Kwenye karatasi ya Hamidu majina yalianza kukatwa, kwanza moja, halafu matatu kwa pamoja. Hamidu mwenyewe aliikalia fomu yake robo saa, amenuna, kisha akamwita Tina pembeni, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini sana kwa mtu mwenye mdomo kama ule.

Asteria alikaa kwenye benchi na fomu ya kwake. Miaka kumi na miwili ilikuwa imebaki, kisima hakuna, kuku hakuna. Akasoma visanduku vyote vinne polepole. Akagawa: sehemu hapa, sehemu pale, kubwa kwa sasa ikibaki kwenye hisa, maana bado anaweza kungoja.

Hafidha wa ghala, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, alinyoosha shingo. "Dada Asteria, umeweka wapi na wapi? Nikufuate wewe tu, sina haja ya kuumiza kichwa."

Asteria alifunika karatasi yake kwa kiganja.

"Una miaka mingapi, Hafidha?"

"Thelathini na nne. Kwani vipi?"

"Una watoto wangapi wa kusomesha? Unataka kustaafu lini? Kiwanja unacho?"

"Ah, dada! Si unionyeshe tu!"

"Sikuonyeshi," Asteria alisema, na kiganja hakukiondoa. "Nenda kwa Tina kaulize ya kwako."