Chumba Kisichowashwa Moto

Ijumaa, tarehe 18 Januari 1963. Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yameganda.

Muriel alikaa sebuleni kando ya jeneza la mumewe, Clifford, amevaa koti la marehemu. Mapazia yamefungwa. Moto haukuwashwa, ingawa ilikuwa siku iliyopangwa kwa maziko na waombolezaji walishaanza kuingia.

Beryl, dada wa marehemu, hakuvua hata kofia.

"Hata moto, wifi? Watu wametembea kwenye theluji."

"Jikoni kuna moto. Na chai."

"Na chozi je? Nalo liko jikoni?"

Jirani yao, Mzee Sugden, alikohoa, akatazama viatu vyake.

Ndipo Beryl akalitoa lile neno: *frigid*. Katika lugha yao ni neno la barafu na hali ya hewa, lakini akirushiwa mke, maana yake mumewe hakupata joto kwake, si moyoni wala kitandani. Kulisema mbele ya jeneza ilikuwa sawa na kumtemea mate.

"Kaburi ni la baba yangu," Beryl aliendelea. "Zimebaki nafasi mbili za majeneza. Moja ya Clifford. Ya pili haingii mwanamke wa namna hii."

Muriel alimwomba Mungu kimoyomoyo amzuie ulimi asije akamtukana wifi yake. Kulala kando ya Clifford ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakitaka.

Beryl alitoa kiberiti, akapiga magoti mbele ya meko.

"Washa, nitakuvunja mkono," Muriel alisema taratibu.

Mchungaji Thwaite aliingia wakati huohuo, theluji mabegani.

"Usiwashe, Beryl. Ardhi imekuwa chuma, wachimbaji wamevunja sururu. Hatuziki mpaka Jumanne. Nilimletea Muriel habari alfajiri. Chumba kikipata joto, marehemu ataharibika."

Beryl aliviona vidole vya wifi yake, vyekundu, vimevimba kwa baridi.

"Umekaa humu tangu lini?"

"Tangu walipomleta. Hajazoea kulala peke yake."

"Ungesema."

"Uliniuliza?"

Beryl alirudisha kiberiti mfukoni. Hakumshika mkono.

"Mchungaji, Mzee Sugden, mnisikie. Nafasi ya pili ni yake. Mimi sitaidai, wala wanangu. Na neno lile silisemi tena. Lakini siku akizikwa yeye, msinitafute. Sitakuja."