Shingo ya Bwana Harusi

Mwenzako akinyolewa, zako ziache kavu, nawe simama mbali. Hivyo ndivyo Rauhi, kinyozi wa Nablus, alivyozoea kuwaambia watu, na asiyesikia alijikuna mwenyewe.

Siku ya kumnyoa Kusai, bwana harusi, ua wa kwao ulifurika wanaume: ami zake, binamu, majirani, wapiga ngoma, na mpiga zumari asiyejua kuchoka. Rauhi alikuja na mkoba wake na hofu yake. Kaka mtu, Haitham, alinyolewa na kinyozi mwingine siku ya harusi yake. Watu wakamrusha juu hata hajapanguswa, nywele zikamwingia kolani, na ukumbini akajikuna kando ya mkewe kama mbuzi mwenye kupe. Ukweni wakanong'onezana kwamba bwana hana raha na mke aliyepewa. Mke mwenyewe hajayasahau mpaka leo.

Kwa hiyo mama yao, Umm Haitham, alimngoja Rauhi mlangoni na kumwambia kwa upole wa kutisha: unywele mmoja ukiingia shingoni mwa mwanangu, vijana wa ukoo huu watahamia kwa yule kinyozi mpya wa kule chini. Na ukoo huo ulikuwa nusu ya wateja wa Rauhi.

Kusai alikuwa tayari kavaa shati jeupe la harusi, maana mama alilitaka kwenye picha. Rauhi akaikunja kola ndani, akaizungushia shingo karatasi laini, akapaka poda, kisha akafunga shuka la kunyolea. Akapenyeza kidole kimoja kati ya shuka na koo. Kwake yeye, kidole kisipopita ni kitanzi. Vikipita viwili, ni mlango wa nywele.

"Inabana, mwanangu?"

"Haibani, fundi. Nikiachwa hapa nitalala."

Hakuachwa. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha, mwingine bado kichaka, ami yake Abu Ghalib alipokuja akicheza, kifua wazi, sauti imeujaza ua. Ni yeye huongoza nyimbo katika kila harusi ya ukoo, na ni yeye huamua lini bwana harusi abebwe. Rauhi akamsihi angoje ampanguse kwanza kijana. Abu Ghalib akajibu kwamba harusi si mkate, haingojwi iive. Hata baba yake Kusai, akasema, alibebwa na povu masikioni, na bado akazaa.

Kufumba na kufumbua, Kusai alikuwa juu ya mabega yao. Shuka likatanda kama hema, na nywele zilizojaa mapajani zikaanza kupanda kuelekea kooni.

Rauhi alitupa mkasi mkobani, akawashika vijana wawili waliokuwa karibu. "Nibebeni na mimi."

Wakambeba kwa vicheko. Huko juu, huku akiyumba, kwa mkono mmoja akalibana shuka shingoni mwa Kusai, kwa mwingine akazikusanya pindo zake, akazikung'uta nje, mbali na kola. Umm Haitham alipiga vigelegele kutoka roshani. Nywele zikashuka taratibu, na chini yake alikuwepo Abu Ghalib, uso kautazamisha mbinguni, anaimba.

Bwana harusi aliposhushwa na kumaliziwa, Rauhi alimpangusa kwa brashi, akavua karatasi, akaikunjua kola. Umm Haitham akashuka, akapitisha kidole kuizunguka, akakitazama. Hata zumari lilinyamaza. Kisha akapiga kigelegele kilichowaamsha njiwa wa mtaa mzima.

Jioni ukumbini, Kusai alikaa kando ya mkewe ametulia kama picha. Abu Ghalib ndiye aliyecheza ajabu: bega juu, bega chini, mgongo kaupinda nyuma. Vijana wakadhani ni mtindo mpya, wakamfuata safu nzima. Wimbo ulipokwisha, akamwendea Rauhi aliyekuwa anakula kunafa, kile kitamu cha jibini na shira, akataka aombwe radhi mbele ya watu wote kwa nywele za nusu kichwa alizomwagiwa shingoni.

Rauhi akameza tonge lake, akafuta shira mdomoni, akachomoa brashi mfukoni.

"Shingo niliyokabidhiwa ni ile pale, safi, inacheka na mkewe. Yako hukuileta kitini. Geuka nikupanguse, Abu Ghalib. Radhi siombi."