Bahari Iliyopandwa Suma

Mdogo wangu Anosisye alirudi Suma mwaka 1994 na mashine ya rada ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, akaniomba shamba langu la chai liwe bahari.

"Bahari ya nini, wewe?"

"Ya hesabu, kaka. Rada ikipiga maji, pigo moja linarudi, jingine linatawanyika. Natafuta ni kiasi gani kinarudi. Vipimo visipoondoka na basi la Jumamosi saa sita, chuo kinanifuta."

Chuo kilishamwambia bahari ajitafutie mwenyewe. Ndiyo siku zile za kubana matumizi. Hata mimi kiwanda cha chai kilinipunguza kazini kwa barua ya kunitakia mafanikio. Ziwa Nyasa lipo, ila mashine ilitaka umeme, na umeme ulikuwa kwetu, jirani na kiwanda.

Shida ni kwamba chai tunachuma kwa kulaza fito juu yake, inakuwa sawa kama meza. Bahari gani haina mawimbi? Tukawaomba wake kumi na wawili wa ukoo wetu wasimame kati ya mistari, vikapu mgongoni vimevishwa makopo yaliyokunjuliwa ili rada iyaone, wawe wanainama na kuinuka kwa zamu.

Jumamosi asubuhi bado tunahangaika.

"Atupele, wewe wimbi la nne, mbona unainuka na la tisa?"

"Shemeji, mgongo wangu haujasoma chuo!"

Saa nne karatasi bado tupu. Anosisye alikaa kwenye boksi, amejishika kichwa.

Hapo akatokea baba yetu mdogo, Mzee Jotham, anakwenda gulioni Mpuguso, macho mbele. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Alipofika mstari wa kwanza, Tusajigwe, wimbi la kwanza, akazama kwenye chai. Alipopita, akaibuka, akazama Elina, wimbi la pili. Hivyo hivyo hadi mwisho wa shamba, makopo yakimeta. Mashine ikalia.

"Kaka, mrudishe!"

Nikakimbia, nikamwamkia. "Mugonile, baba. Tunaomba urudi ulikotoka."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Wewe ni upepo."

Akafikiri. "Upepo wa kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

Akaenda na kurudi mara thelathini na moja. Kisha Anosisye akapaza sauti: "Baba, sasa dhoruba!" Mzee akatimua mbio, kofia mkononi, na bahari ikachafuka, Atupele akazama akakataa kuibuka, akidai huko juu hakukaliki.

Saa sita kasoro, basi linapiga honi barabarani, imebaki nafasi moja kwenye fomu: chanzo cha upepo. Anosisye akaanza kuandika kusini-mashariki.

"Kusini-mashariki ndiye nani?" Mzee akauliza, akihema. "Amekimbia saa ngapi?"

Honi ikalia tena. Anosisye akafuta, akaandika upesi: Jotham, kilomita nne kwa saa, akiudhiwa, kumi na moja.