Mtamba Aliyekwenda Chuo

Wahitimu wengine walipoombwa kuchangia utafiti wa chuo chao cha serikali, walituma hela kwa simu, wakaendelea na supu. Yiamat, mwenye duka la dawa za mifugo pale Sakina, Arusha, alitoa mtamba. Tena si wa kuokota mnadani. Alimtoa Sidai, ndama wa mwisho ambaye marehemu mkewe alimlea kwa chupa.

"Baba, Sidai ni wa mama," binti yake Namnyaki alimwambia.

"Ndiyo maana anakwenda chuo. Hapa nyumbani wa kwanza kusoma ni mimi, wa pili ni yeye. Wewe ulikimbia hesabu."

Namnyaki hakucheka.

Kwa Waarusha, ukimpa mtu mtamba mnaacha kuitana majina. Mnaitana paashe mpaka kufa, na mtamba huyo hachinjwi. Anatunzwa, anazaa, watu wanatembeleana. Kwa hiyo Daktari Fransiska, msimamizi wa jaribio la chanjo ya ndigana, ile homa ya kupe inayoua ng'ombe, alipokuja na gari kumchukua Sidai, Yiamat alimwita paashe hapohapo. Fransiska, Mchaga wa watu, akaitika kwa adabu bila kujua kwamba ameshaingia kwenye undugu.

Alimweleza kila kitu. Ng'ombe wote wataambukizwa ndigana, lakini nusu tu watakuwa wamechanjwa. Nani awe upande gani, kura itaamua. Yiamat aliitikia kwa kichwa. Diploma yake ilielewa vizuri kabisa. Moyo wake ulisikia tu kwamba paashe anakwenda kutunza ng'ombe.

Wiki ya tatu Fransiska akapiga simu kwamba Sidai anaumwa. Yiamat alifunga duka, akatia dawa ya ndigana mfukoni, akaenda shamba la majaribio, Kikwe.

"Shikamoo, mzee," Fransiska alimpokea.

"Mzee yupi? Mimi ni paashe wa–"

Akamwona. Sidai alikuwa amelala, shingo ameinyoosha, tezi chini ya sikio limevimba, anavuta pumzi kama anapanda mlima. Hakuwa amechanjwa.

"Unaweza kumtoa," Fransiska alisema taratibu. "Kanuni inaruhusu. Nikimchoma dawa sasa hivi, anaweza kupona."

"Na jaribio?"

"Ng'ombe wote wa jaribio ni wachache mno. Huyu akitoka, hatutajua kama chanjo hii ya bei nafuu inakinga kweli au ni bahati tu. Itabidi tuanze upya, wahitimu wakichanga tena."

"Watachanga?"

Fransiska akaangalia buti zake.

Yiamat alichuchumaa. Sidai akamlamba kiganja, ulimi una moto. Chupa ya dawa ilimgonga ubavuni. Ni dawa ileile aliyowauzia watu miaka yote, wengine wakija na hela baada ya kuuza mbuzi, wakifika nyumbani ng'ombe ameshakufa. Aliwajua kwa sura. Wengine walirudi dukani kununua chumvi ya ng'ombe waliobaki.

"Mwache," alisema.

"Una uhakika, mzee?"

"Usiniulize mara mbili, mwanangu. Nitasema vingine."

Saa kumi jioni Sidai akakata roho. Walipompasua, Yiamat mwenyewe ndiye aliyeshika mguu wa mbele ili mapafu yaonekane. Yalijaa povu. Aliuliza maswali ya kitaalamu kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Nyumbani alimkuta Namnyaki uani, anamenya ndizi.

"Sidai hajambo?"

"Amekufa."

Kisu kikasimama. "Ndigana?"

"Ndigana."

"Na wewe una duka zima la dawa?"

Angeweza kusema alichelewa. Barabara ya Kikwe inajulikana kwa ubovu, ingeaminika.

"Nilikuwa nayo mfukoni," alisema. "Hakuwa amechanjwa. Ningemtibu, jaribio lingeharibika."

Namnyaki akaweka kisu chini, akainuka, akaingia chumba kilichokuwa cha mama yake, akafunga mlango. Yiamat akaketi kwenye kigoda, akaokota kisu, akaanza kumenya ndizi zilizobaki.