Simu ya Jumamosi kutoka Nshamba

Kila Ijumaa wakili Elieth, mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini Bukoba, alichapisha kwenye blogu yake uchambuzi wa hukumu iliyotoka wiki hiyo. Na kila Jumamosi, saa moja asubuhi, simu iliita. Ni baba yake, mzee Joackim, mwalimu mstaafu wa Nshamba, amekwisha kusoma mara mbili na ana la kusema. Mara koma zimezidi, mara hakimu kaonewa, mara hapo umejitia ujuaji. Elieth alikuwa na wasomaji elfu tatu, lakini kusema kweli alimwandikia mmoja.

Jumamosi moja simu haikuita. Iliyofuata, kimya vilevile.

Elieth alidhani anajua kosa lake. Alikuwa ameandika kuhusu kaka na dada waliogombea kibanja cha marehemu baba yao, shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya ukoo ndani yake. Dada alishinda, na Elieth akashangilia waziwazi: binti naye ni mtoto. Sasa, mzee Joackim naye alikuwa na kibanja, na watoto wawili, yeye Elieth, binti, na kaka yake Clavery. Bila shaka alijiona ameanikwa mbele za watu. Alipompigia, mama ndiye aliyepokea, akasema baba yako yuko shambani, basi. Kushindwa kesi Elieth alishazoea. Kununiwa na baba hakujawahi kumpata, na kulimkosesha usingizi.

Jumamosi ya tatu hakungoja simu, akaenda. Alimkuta mzee nyuma ya nyumba, akapiga magoti kumsalimu, na papo hapo akaanza kuomba radhi kwa ile habari ya mabinti na urithi.

“Ya mabinti uliandika vizuri, nilimsomea hata mama yako,” mzee akamkatiza. “Aya ya mwisho ndiyo iliyoniudhi.”

Aya ya mwisho Elieth aliitupia tu, kwa haraka ya kumaliza. Alisema emilamula, ile miti myembamba ya majani marefu ambayo Wahaya huipanda mpakani, si ushahidi wa maana, kwa kuwa yeyote anaweza kuchomeka tawi akajiongezea shamba.

Mzee akampeleka hadi mpakani, kwenye mlamula mkongwe. Huu, akamweleza, ulipandwa na babu yako pamoja na jirani yake, wote wawili wameushika, watu wakishuhudia. Ukipanda peke yako unang'olewa, na hupati wa kukutetea. Wakili mzima, mtoto wa hapa hapa, anaandika kana kwamba tunapanda mchicha! Elieth alitamani ardhi ipasuke.

Kisha wakaingia katikati ya migomba yao wenyewe. Palikuwa na mashimo saba kwenye mstari mmoja, yote matupu. Clavery, ambaye nyumba yake iko hapo jirani, akatumwa kuwaita majirani wawili, na akarudi pia na fungu la vipande vya mlamula.

“Kule juu ni kwa kaka yako. Huku, kwenye kaburi la bibi yako, ni kwako,” mzee akasema. “Nilichimba wiki ile ile uliyoandika. Lakini mwenye upande huu hakuwapo, na ningekuita ungeniletea vifungu vya sheria. Haya, mwanangu, shika hapo chini.”

Elieth akashika, Clavery naye akashika juu ya mkono wake, wakapanda shimo hadi shimo, majirani wakitazama. Alilia bila kificho, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa udongo, Clavery akamfuta machozi kwa kiwiko huku akimcheka.

Ijumaa Elieth aliandika masahihisho, akakiri kosa lake mbele ya wasomaji wote elfu tatu. Jumamosi saa moja simu ikaita.

“Umeandika tulipanda sita,” mzee akasema. “Ni saba. Rekebisha.”