Kisogo kwa Ziwa Isyeto

Mgeni alishuka kwenye shimo la Isyeto Jumatano saa nne asubuhi, viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini. Aliteleza mara mbili kwenye tope, na mara zote mbili akaomba radhi, ingawa njiani hapakuwa na mtu. Rut alikuwa kando ya maji akifuta viti vya plastiki vilivyolowa mvua ya alfajiri. Hakuna mgeni aliyetarajiwa siku hiyo. Lori la watalii kutoka Malawi lilikuwa likivuka daraja la Songwe kila Ijumaa.

Rut aliweka kitambaa chini, akajifuta mikono, akampokea kwa heshima. Kisha akageuka na kulipa ziwa kisogo, kama alivyofanya kila siku.

Isyeto ni ziwa dogo la mviringo juu ya Ngana, limetulia ndani ya shimo la volkeno kama uji ndani ya bakuli. Ukisimama ukingoni siku isiyo na mawingu unaliona Ziwa Nyasa chini, na safu ya milima ya Livingstone kwa mbali. Kampuni iliyolichukua mwaka wa tisini na mbili, wakati kila kitu kilipokuwa kinapata mwekezaji, ilitangaza kupanda mlima, kupiga makasia, kutazama ndege na kuogelea. Watalii walifanya hayo yote upesi. Walichokuja kukiona ni nyumba za majini.

Kabla ya kampuni kuja, familia kumi na moja ziliishi kando ya ziwa. Zilipakiwa kwenye malori zikapelekwa Katumba Songwe, zikapewa viwanja pembeni ya mto. Nyumba zao zilibomolewa Jumatatu na migomba ikafyekwa Jumanne. Lakini hakuna aliyeyaambia maji. Jumatano asubuhi ukingo ulikuwa mtupu, na ndani ya ziwa nyumba kumi na moja zilisimama kichwa chini kama zilivyosimama siku zote, na migomba yake, na vichanja vya vyombo, na kamba za kuanikia nguo.

Kumi kati ya hizo zilikuwa zimefungwa milango, kwa kuwa wenyewe walikuwa bado hai huko Katumba Songwe. Moja tu ilikuwa wazi. Mwenye nyumba hiyo alifariki mwezi wa kwanza baada ya kuhama, mto ulipokuwa umekwisha kula nusu ya kiwanja chake, na siku ya tatu baada ya mazishi alionekana kwenye maji ya Isyeto akifagia uwanja wake. Alikuwa baba mkwe wa Rut.

Ndiyo maana Rut hakulitazama ziwa. Mwanamke wa Kinyakyusa haonani uso kwa uso na baba wa mume wake. Akikutana naye njiani huingia vichakani hadi apite, na jina lake halitaji mpaka kufa. Mila haikusema chochote kuhusu mkwe aliyeko majini, na Rut hakutaka kuwa wa kwanza kuuliza. Kwa hiyo aliongoza watalii kwa mgongo. Alijua kila mwamba na kila kijito kwa nyayo. Watalii waliamini kwamba hiyo ndiyo desturi ya waongoza watalii wa nchi hii. Mholanzi mmoja aliyepiga mbizi ili afike mlangoni alitoka na harufu ya moshi kwenye nywele, akaomba naye apigwe picha akiwa amelipa ziwa kisogo.

"Shemeji, unatangaza ziwa kwa kisogo," Hebroni alikuwa akimtania. Hebroni ndiye meneja wa kambi, na alisoma darasa moja na Yusto, mume wa Rut. "Siku moja utaonyesha mlima ukiwa umelala."

"Nikilala utanilipa nusu?"

"Nitakulipa ndoto."

Alimtania lakini alimwelewa, maana mkewe naye alikuwa na baba mkwe wa kumkwepa.

Lililomtia hofu Hebroni lilikuwa jambo lingine. Wiki moja kabla ya malori kuja, mzee yule alikaa uwanjani akazungumza na mkewe, Mama Jeni, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya migomba, ambako Rut alikuwa akiosha vyombo. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuzungumza na mke wa mwanao.

"Mwambie mke wa Yusto," alisema, "kwamba sisi tunaondoka, yeye anabaki kwa kuwa amepata kazi kwa hao watu. Mgeni yeyote atakayefika hapa aambiwe amefika kwa nani. Asiambiwe 'kwa mzee mmoja'. Aambiwe jina. Mtu asiye na jina huhamishwa kama ndoo."

"Baba Jeni, lakini huyu ndiye asiyeweza kulitaja," alisema Mama Jeni.

Mzee alikuwa amepanga kila kitu cha safari, hata kuku wangapi kwenye tenga lipi, na hilo lilimpita. Lakini neno likishatoka kwa mwenye mji halirudi.

"Mwambie tu," alisema.

Nyuma ya migomba Rut akajibu: "Mama, mwambie nimesikia."

Katika familia ile neno "nimesikia" lilikuwa ahadi.

Kwa mwaka mzima aliitimiza kwa kumwazima Emanueli, mlinzi wa geti. Watalii walipomaliza kupiga picha, Rut alimpungia mkono, naye Emanueli akaja na rungu lake, akasimama wima na kusema: "Hapa mmefika kwa Andongwisye. Karibuni." Kisha akarudi getini. Watalii walimpa sigara. Wengine walisema kwamba mzee wa majini aliposikia hivyo alitoa kigoda, akakiweka mbele ya mlango wake na kungoja.

Halafu makao makuu yakasikia. Barua ikaja kutoka Dar es Salaam. Wageni waambiwe kwamba taswira zinazoonekana ziwani ni za asili na za kale, na kwamba mahali hapa hapajawahi kukaliwa. Emanueli akahamishiwa kwenye stoo ya kampuni mjini Kyela. Hebroni alimsomea Rut barua ile jikoni, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Watamtuma mtu, shemeji. Atakuja kama mtalii, bila taarifa. Atakayesema la watu waliohama, kazi hana. Mimi sitaweza kukutetea."

"Nimekuelewa," alisema Rut. Alichagua neno hilo kwa makusudi.

Nancy, binti yake, alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Yusto alikwenda Karonga kuuza mchele na sabuni, na habari za mwisho kutoka kwake zilikuwa za kabla ya Pasaka. Wiki tatu zikapita. Ijumaa tatu lori lilikuja na kuondoka, wageni wakaondoka bila kuambiwa, na waliolitazama ziwa walisema mzee amesimama mlangoni, kigoda mkononi, hajakiweka chini. Rut alianza kuumwa shingo.

Sasa mgeni wa Jumatano alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akivaa viatu. Alisema anaitwa Ezra, yuko likizo, anapenda ndege. Begi lake lilikuwa wazi, na ndani yake Rut aliona daftari lenye mhuri wa kampuni.

Akamwonyesha ndege. Akamwonyesha, kwa mgongo, mahali maji yanapobubujika na mahali mwamba unapofanana na ng'ombe aliyelala.

"Na hizo nyumba?" Ezra aliuliza.

"Taswira zinazoonekana ziwani ni za asili na za kale," alisema Rut. "Mahali hapa hapajawahi kukaliwa."

Ezra aliandika. "Yupo mzee mlangoni. Ananitazama. Ameshika kitu kama kigoda."

"Ni wa asili," alisema Rut.

Ezra aliandika hilo pia, akapiga mstari chini, akafunga daftari. Alionekana ameridhika. Hakuwa mtu mbaya. Alimshukuru, akasifu Kiswahili chake, akasema ofisi zinahitaji watu makini kama yeye. Kisha akaanza kupanda njia ya kutokea shimoni.

Rut alisikia hatua zake zikipanda kwenye tope. Kazi ilikuwa imepona. Alihesabu hatua bila kutaka: tano, kumi, kumi na tano. Alifikiri juu ya Nancy na sanduku lake la bati. Alifikiri pia juu ya baba yake, kwa kuwa mwanamke anayetaja jina la mkwe wake hutolewa ng'ombe na baba yake ili kosa lisafishwe, na baba yake huko Bujonde alikuwa na ng'ombe mmoja, wa maziwa. Kisha akafikiri kwamba mgeni anaondoka, na hajaambiwa. Mbele yake hapakuwa na Emanueli wala mtu mwingine wa kumwazima.

"Bwana," aliita. "Hujaambiwa umefika kwa nani."

Ezra akageuka.

"Umefika kwa Andongwisye," alisema Rut. "Hapa waliishi watu. Waliondolewa. Karibu."

Jina lilitoka dogo kuliko alivyodhani. Ezra alishuka tena hatua chache, akatoa daftari.

"Samahani, sikulishika vizuri. Nani?"

"Andongwisye," alisema Rut mara ya pili, silabi moja moja, ili aandike bila kukosea.

Ezra aliandika. Kisha akatazama ziwa juu ya bega la Rut.

"Anafanya nini?" aliuliza Rut.

"Ameweka kigoda chini," alisema Ezra. "Sasa amevuta shuka, amejifunika uso. Anarudi kinyumenyume. Ameingia kwenye migomba." Akangoja. "Bado yumo humo."

Rut aliitikia kwa kichwa. Mzee alikuwa amempisha.

"Ndaga," alisema, yaani asante, na hakumwambia Ezra kwamba neno hilo lilimwendea mzee, si yeye.

Taarifa ya Ezra ilifika Dar es Salaam, na majibu yakarudi kwa Hebroni mwisho wa mwezi. Mwongoza watalii aachishwe kazi. Ukingo upewe benchi mahali pale panapoonekana mzee vizuri zaidi, na kiingilio kiongezwe. Hebroni alimsindikiza Rut hadi getini akiwa amembebea kikapu, jambo ambalo meneja hafanyi, na hakumtania.

Jumamosi iliyofuata Rut na baba yake walitembea kutoka Bujonde hadi Katumba Songwe, ng'ombe akiwa mbele. Nancy alibaki nyumbani kwa babu yake, na sanduku la bati likarudishwa darini. Njiani baba yake alizungumzia mpunga tu.

Mama Jeni aliwapokea, akawapa maji. Aliusikiliza ujumbe wote, akamtazama ng'ombe, akamtazama mke wa mwanawe.

"Mgeni aliambiwa?"

"Aliambiwa, mama."

"Jina?"

"Jina. Alitaka nirudie, nikarudia. Ameliandika."

"Haya," alisema Mama Jeni. Akapokea kamba, akamfunga ng'ombe kwenye nguzo iliyokuwa mwisho wa uwanja, karibu na mto. Kisha akamfungua, akaing'oa nguzo, akaisogeza hatua nne ndani, kwa sababu mto ulikuwa umekula tena, akamfunga upya.