Aliyeandika Moto

Siku Levina aliposoma hadithi yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza, hakuna aliyecheka wala aliyesifu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jumuiya imemaliza sala uani kwa Mwalimu Pelagia, na Mwalimu akawaomba wasitawanyike kwanza, kuna mwenzao ana jambo la kuwasomea. Levina akasimama na daftari lake. Alilifungua, mistari ikawa inapishana machoni.

Alikuwa mkulima wa tumbaku kama wengine wote katika kijiji kile cha kata ya Goweko, mke wa Damas, mama wa binti mmoja aitwaye Agnetha. Shule aliishia darasa la saba, lakini kusoma hakukuacha. Alisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Alisoma maelezo ya nyuma ya mifuko ya mbolea. Alipogundua kwamba Mwalimu Pelagia, mstaafu anayetunza kabati la vitabu vya parokia, huwa anaazimisha, akawa mgeni wake wa kila wiki. Katika miaka sita alilimaliza kabati lile lote, kuanzia maisha ya watakatifu hadi vijitabu vya kuogesha ng'ombe, kisha akaanza upya. Halafu siku moja, bila kumwambia mtu, akaanza kuandika.

Daftari la kwanza alilitia motoni mwenyewe. Alipoyarudia maneno yake alijiona kama mtu aliyekwenda harusini na nguo ya kuazima, kila mtu anaijua ni ya nani. La pili nalo lingeishia huko huko, ila Mwalimu alilikuta chini ya kitabu kilichorudishwa, akalisoma lote kabla ya kulirudisha.

"Aliyesoma sana ndiye anayeogopa kuandika," Mwalimu alimwambia, "kwa sababu anajua kizuri kinafananaje. Woga huo si ushahidi kwamba huwezi."

Ndiyo maana akasimama siku ile. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mkulima mmoja alikuwa na bani la kukaushia tumbaku, na yale mabomba ya chuma yanayopitisha joto chini ya majani yalikuwa yameliwa na kutu. Badala ya kununua mapya, akayaziba kwa udongo na kuyafunga waya. Mchana mmoja majani yalipokaribia kukauka, mdogo wake aliingia kuokota yaliyoangukia kwenye bomba. Cheche ikapenya kwenye ufa. Basi.

Kisha Mzee Lugembe, kamanda wa sungusungu wa kijiji, akauliza kama aliyeandikwa mle ni mtu wanayemfahamu. Levina akajibu hapana, ni hadithi tu. Mzee akasema haya, akachukua fimbo yake akaondoka.

Siku ya kumi na tisa baada ya hapo, bani la Ezekia, mkulima mwenzao, liliungua.

Ilikuwa saa saba mchana. Upepo ulikuwa unatoka upande wa njia ya zamani ya wapagazi, ile inayopita nyuma ya mashamba kuelekea Tabora, na ulileta kwanza harufu tamu ya tumbaku, kisha harufu nyingine ambayo kila mtu aliitambua na hakuna aliyeitaja. Amon, mdogo wake Ezekia, alikuwa ndani. Walimtoa akiwa hai, wakampakia kwenye gari lililokuwa linapeleka mahindi mjini. Alikaa hospitali siku tatu. Siku ya nne wakaja kuchimba kaburi.

Levina alikwenda msibani na unga wake kichwani kama desturi. Wanawake walimpisha. Walimpisha zaidi ya alivyohitaji, hata akajikuta amekaa peke yake kwenye mkeka wa watu wanne. Hakuna aliyeupokea unga ule. Aliuweka pembeni ya jiko, na jioni alipoaga bado ulikuwa pale pale, fundo la kanga halijafunguliwa, ilhali wapishi walikuwa wamekwenda kuazima unga nyumba ya tatu.

Maneno yakaanza. Lisemwalo lipo, watu walisema kisimani, na kama halipo laja. Yeye alilisema, nalo likaja. Wengine walisema hakulisema, alilileta. Walihesabu kwa vidole: mchana, mdogo mtu, waya. Wazee wakakumbusha kwamba kwenye njia ya wapagazi mababu hawakutaja jina la mtu kwa sauti, kwa kuwa walioanguka na mizigo yao wakaachwa huko wasizikwe, huwa bado wanatafuta wa kuwapokea mizigo. Na shamba la Damas, si limepakana na njia ile? Agnetha alirudi shuleni siku moja akauliza kama ni kweli mama ana daftari la majina ya watoto. Kwenye dawati alikuwa anakaa peke yake.

Asubuhi moja walipofungua mlango walikuta mstari wa majivu umechorwa kutoka nguzo hadi nguzo, na katikati yake majani matatu ya tumbaku yamefungwa kwa uzi mweusi. Damas aliyafagia yote. Alipomaliza alikaa juu ya kinu, akamwomba mkewe alichome daftari.

"Na wewe unaamini?" Levina akauliza.

"Siamini. Lakini shangazi yangu hakuandika chochote, mama Agnetha. Alikuwa na macho mekundu tu, ya moshi wa jikoni. Wakamwita mchawi, wakamfuata usiku."

Levina hakulichoma daftari, ila si kwa ushujaa. Aliogopa kuligusa. Watu wa kisimani hawakuwa wamemtendea baya kama alilojitendea mwenyewe, kwani naye alikwisha kuhesabu kwa vidole. Aliyekuwa anajiona hana uwezo wa kuunga sentensi mbili zikasimama, sasa alijiona ana uwezo wa kuua, na vyote viwili vilitoka kwenye kalamu ile ile. Aliacha kuandika. Baadaye akaacha hata kusoma. Akiokota kipande cha gazeti alikigeuza chini juu na kuwashia moto.

Wiki ya tatu ya hali ile alikwenda kwa Mwalimu kurudisha kitabu cha mwisho, akiwa ameazimia kutoazima tena. Aliamkia, akaitikiwa marahaba, akavutiwa kigoda. Mwalimu hakumpa pole. Alimuuliza swali moja, yale mabomba aliyatoa wapi.

Levina akasema alibuni.

"Waya ulibuni? Udongo ulibuni? Wewe umewahi kuingia kwenye bani la nani zaidi ya lenu?"

Ndipo alipokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulimjia taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye shimo lililochimbwa mchangani. Msimu uliopita alikwenda kumsaidia Apolinaria, mke wa Ezekia, kupanga fito za majani. Wakati wanatoka aliinama kufunga kanga yake akaliona bomba, limezungushiwa waya, udongo umepasuka, na ndani ya ufa kuna wekundu. Aliliona kwa muda wa kufunga kanga, kisha akaenda kwao kupika. Mwalimu alikuwa amekwisha kufungua kabati. Alitoa kijitabu chembamba cha ukaushaji wa tumbaku, akafungua ukurasa unaoeleza hatari ya mabomba mabovu. Pembeni kulikuwa na alama ya kidole chenye masizi. Kilikuwa cha Levina.

"Hukuutabiri moto," Mwalimu akasema. "Uliuona. Kusoma kumekufundisha kutazama, basi. Sisi wengine tuliingia mle tukatoka, hatukuona kitu."

Maneno yale yangetosha kumtua mtu mzigo. Lakini Levina alikaa ameshika kijitabu, na uso wake ukazidi kuwa mzito.

"Kama niliuona, mbona sikumwambia Ezekia? Niliona mtu atakufa, nikaenda kutunga hadithi."

Mwalimu Pelagia, aliyefundisha miaka thelathini na minne na hakukosa jibu darasani, alilifunga kabati, akavuta kigoda cha pili akakaa kando yake. Walikaa hivyo mpaka kuku walipoanza kuingia bandani.

Siku iliyofuata kirungu cha sungusungu kilikuja nyumbani. Hivyo ndivyo mtu anavyoitwa. Kijana anakiweka kizingitini, haingii ndani. Baraza lingekaa kesho kutwa saa tatu asubuhi, mahali ambapo njia ya wapagazi inakatana na barabara ya kijiji, na mwenye daftari aje nalo. Damas alikwenda kuulizia, akarudi na habari kwamba wengi wanataka wahame. Wachache walitaka zaidi ya hilo. Akaanza kufunga vyombo.

Levina alikaa na daftari siku zile mbili. Mara ya kwanza alipoandika sentensi aliikata. Ya pili akaikata. Sauti ile ya zamani ilimwambia yeye ni nani wa kuandika juu ya marehemu, darasa la saba, mtu wa jembe. Safari hii hakubishana nayo. Aliiacha iseme, akaendelea kuandika huku inasema, kama mtu anayelima huku mvua inamnyeshea. Aliandika Amon alikuwa nani. Aliandika bomba. Aliandika siku aliyoinama kufunga kanga, na kwamba alinyamaza.

Asubuhi ya baraza watu walikuwa wengi kuliko msibani. Sungusungu walisimama upande mmoja na pinde zao. Mzee Lugembe akasema shauri ni jepesi. Lile daftari lisomwe, ili kijiji kijue nani mwingine ameandikwa humo, kisha kiamue. Akalipokea kwa Levina, akawanyooshea wasomi wa kijiji. Kulikuwa na watu wazima pale waliofika kidato cha nne, na mmoja aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika. Wote wakatazama chini. Hakuna aliyetaka maneno yale yapite kinywani mwake.

"Nitasoma mwenyewe," Levina akasema.

Akasoma. Sauti yake ilianza chini, wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii, akaipandisha. Hakusoma ile hadithi ya kwanza. Alisoma habari za Amon mwana wa Lukas, jinsi alivyokuwa anapiga mluzi shambani, jinsi alivyokuwa anawabebea maji wajane wawili wa jirani bila kuombwa. Akasoma bomba, akasoma udongo, akasoma wekundu ndani ya ufa. Akasoma kwamba yeye Levina aliona akanyamaza, na kwamba kama kuna kosa lake mbele ya kaburi lile, ni hilo. Kisha akafungua kijitabu cha Mwalimu akasoma ukurasa wenye alama ya masizi, neno kwa neno.

Pinde hazikushushwa. Mtu mmoja nyuma akasema mchawi ndiye anayejua kupamba maneno, na wengine wakaguna kumwunga mkono. Levina alimtazama Damas, akaona ameshika mkono wa Agnetha kwa nguvu hata vidole vya mtoto vimebadilika rangi.

Ndipo Apolinaria alipoinuka. Alikuwa bado amejifunga kitambaa cha msiba. Hakumtazama mumewe.

"Amon alimwambia kaka yake habari ya bomba," akasema. "Mara mbili. Nilikuwepo."

Ezekia alikuwa amekaa kwenye gogo. Hakukana. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti, akabaki hivyo, na hakuna aliyekwenda kumwinua. Mzee Lugembe akangoja kidogo, kisha akauliza, kama mtu anayetaka kubadili mazungumzo, ni nani mwingine aliyeziba bomba kwa udongo. Zaidi ya wakulima themanini walikuwa pale. Walitazama miguu yao. Levina, aliyekuwa amesimama mbele yao, aliziona nyuso zile zote kwa pamoja, na akahisi baridi kubwa kuliko alipoziona pinde.

Hawakuwahamisha. Baraza liliamua Levina asiandike tena jina la mtu aliye hai, na watu wakaenda kwenye kazi zao. Salamu zilirudi, mwangaluka za asubuhi na pole za jioni, lakini zilirudi na kitu kingine ndani yake. Mwanamke mmoja alimletea tetea wa kienyeji, akamwomba kwa sauti ya chini asimtie kwenye daftari. Levina alimrudishia kuku wake. Mwanamke yule alipoondoka, Damas alitafuta gogo la mninga, akachonga komeo la pili la mlango.

Msimu wa kukausha ulikuwa haujaisha. Kila nyumba ya tatu ilikuwa inafuka moshi. Levina alimfuata Mwalimu Pelagia akamwambia anataka kupita bani kwa bani na kile kijitabu, kuwasomea wasiojua kusoma na wanaojua lakini hawasomi. Mwalimu akavaa viatu. Wengine waliwakaribisha na kusikiliza mpaka mwisho, na wawili wakazima tanuri siku hiyo hiyo. Wengine waliwapa viti, maji ya kunywa na shukrani nyingi, wakawasindikiza hadi barabarani bila kuwafungulia mlango wa bani.

Kwa Mzee Lugembe walifika alasiri. Alisikiliza amesimama mlangoni mwa bani lake, amejaza mlango wote, na Levina alipomaliza ukurasa akashukuru. Lakini alipogeuka kupokea fimbo yake iliyoegemea ukutani, nafasi ikapatikana. Levina akaona. Alijua kwamba anaweza kuaga sasa hivi, akaenda nyumbani.

"Mzee wangu, bomba lako limefungwa waya," akasema. "Na linawaka ndani."

Mzee Lugembe alimtazama muda mrefu. Hakuwa na hasira, alionekana mchovu.

"Na hilo utaliandika?"

"Nitaandika kwamba nilikwambia."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama aliyesikia bei ya kitu asichoweza kukinunua. Akawatakia safari njema, akaingia, akafunga mlango. Walisimama pale nje wakisubiri. Wakamsikia anazunguka hadi upande wa tanuri, anainua gogo, na kulisukuma motoni.